Kwapa la Nyumba ya Baba

Baba yangu alijenga nyumba yenye kiwiko, na sababu ya kiwiko hicho ilikuwa majivuno. Simvunjii heshima kwa kuandika hivyo, maana mwenyewe aliyakiri uzeeni, akicheka. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza alipeleka ng'ombe mnadani Kiomboi, akapita mbele ya nyumba ya Bwana Shauri, mtawala wa Kizungu wa wilaya, akaona paa la bati lililokwenda moja kwa moja kisha likageuka, kama mkono uliokunjwa. Alisimama pale mpaka askari akamuuliza anatafuta nini. Aliporudi nyumbani, kijijini kwetu karibu na Kinampanda, alikuwa amekwisha kuamua. Watu wachache waliokuwa na mabati walikuwa wamejenga nyumba zilizonyooka kama sanduku. Ya kwake ingegeuka.

Paa lililonyooka lina matatizo madogo madogo. Paa linalogeuka lina tatizo moja linaloyameza yote hayo. Pale miteremko miwili inapokutana kwa ndani hutokea mfereji unaoshuka kutoka kileleni hadi ukingoni, na maji ya pande zote mbili hukimbilia humo kwa pamoja. Mafundi huuita bonde la paa. Bibi yangu, mama yake baba, aliutazama mara moja tu akauita kwapa, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeuita vinginevyo.

Chini ya kwapa hilo kilikuwa chumba cha bibi mwenyewe. Baba alikuwa amemchagulia chumba hicho kwa upendo, kwa sababu kilikuwa karibu na jiko na mlango wake ulitazama uani. Hakujua kwamba alikuwa akimlaza mama yake pale pale ambapo nyumba nzima ingemwaga maji yake.

Bibi alikuwa akiishi katika tembe upande wa pili wa uwanja. Kwa msomaji ambaye hakukulia kwetu: tembe ni nyumba fupi ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, boriti zimebeba fito na fito zimebeba udongo ulioshindiliwa. Paa hilo ni uwanja wa pili. Huanikwa uwele juu yake, hukaushwa mboga ya mlenda, huwekwa maboga. Likivuja, mtu hupanda na kikapu cha udongo akaliziba. Mwaka kwa mwaka linazidi kuwa nene, na mwaka kwa mwaka mchwa wanazidi kula boriti zilizolibeba. Boriti za bibi zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba ukiigonga nguzo ya kati ilijibu kama ngoma. Tembe la namna hiyo likishiba mvua kubwa hushuka lote kwa pamoja juu ya aliyemo ndani. Masika yaliyotangulia, jirani yetu mmoja alikuwa amefukuliwa akiwa hai; mbuzi wake hawakuwa na bahati hiyo. Kwa hiyo baba alitaka jambo moja tu, nalo lilimkosesha raha: mama yake ahamie chini ya bati kabla mvua kubwa hazijaanza.

Bibi alikataa. Mimi ndiye niliyetumwa kumbembeleza. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya kati, nimerudi kwa likizo ya mwisho wa mwaka. Chuo kikuu kilikuwa bado mbele yangu. Kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na bibi aliitumia haki hiyo bila huruma.

"Mume wangu," aliniambia, "umekwenda kusoma miaka yote hiyo, umerudi kuniweka ndani ya sufuria?"

"Si sufuria, bibi. Ni nyumba. Hata Bwana Shauri analala ndani yake."

"Bwana Shauri hana mke wa kumwambia ukweli." Akachota ugoro, akaunusa, akapiga chafya kwa utulivu. "Haya. Mwambie baba yako nitakuja kukaa humo mvua moja. Ikipita bila tone kunigusa, nitahama. Tone moja likinigusa, narudi kwangu, nife na udongo ninaoujua."

Baba aliposikia alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Fundi wake, aliyemleta kutoka mjini Singida, alikuwa amemhakikishia kwamba maji yatakayopita chini ya bati lake bado hayajaumbwa.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja, kubwa na ya ghafla. Bibi alivuka uwanja amejifunika kaniki kichwani, akaingia chumbani, akaketi kitandani, akafungua kikopo chake cha ugoro. Sisi wengine tulisimama mlangoni tukitazama juu. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikilizana. Kwa muda hakikutokea kitu, na nilimwona baba akianza kutabasamu. Kisha tone moja lilijikusanya kwenye mbao chini ya kwapa, likaning'inia, likatafakari, likaanguka ndani ya ugoro.

Bibi alikifunika kikopo. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza baba zaidi.

"Nyumba yenu inatoka jasho kwapani," alisema, akajifunika kaniki, akarudi kwake mvuani.

Kesho yake majirani walikuja kutoa msaada. Lazima nieleze jinsi kosa lililofuata lilivyokuwa kosa la heshima. Katika kijiji kizima hapakuwa na mtu mzima asiyejua kuziba paa. Watu walijua kama wanavyojua kulima. Paa linavuja, kwa hiyo paa linahitaji udongo. Ukaletwa udongo wa kichuguu, ukachanganywa na majivu na samadi ya ng'ombe, ukakandwa. Mimi mwenyewe niliukanda kwa miguu, suruali nimeikunja, na sikuona kasoro yoyote katika hoja hiyo.

Aliyenichekesha ni bibi. Alikuwa na kila sababu ya kutaka nyumba ile ishindwe, lakini hakuweza kuvumilia kuona udongo wa paa ukikandwa vibaya. Alistahimili kidogo, kisha akatoka kwenye tembe lake na fimbo yake.

"Hiyo ni mboga au ni udongo? Ongeza majivu." Akachovya kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Bado. Mnataka ukauke upasuke kama kisigino cha baba yenu?"

Wakalijaza kwapa lote, kutoka juu hadi chini, wakalisawazisha kwa viganja mpaka likang'aa. Ilikuwa kazi nzuri. Mama yangu, ambaye alikuwa amelalamika tangu nyumba ikamilike kwamba paa la bati halina faida kwa sababu kila kitu kinateleza, aliona kwamba sasa pamepatikana mahali bapa. Akaanika mlenda wake humo, majani tele, akaegemeza maboga mawili juu yake ili majani yasipeperushwe na upepo. Tuliona jambo hilo ni la akili. Nyumba ilianza kufanana na nyumba.

Mvua ya pili haikudondosha tone. Maji yalishuka kutoka pande zote mbili, yakakuta ukuta wa udongo mahali pa njia yao, yakasimama, yakapanda. Maji yaliyosimama hutafuta, na haya yalitafuta kushoto na kulia, yakaingia chini ya kingo za mabati, yakaingia ndani ya nyumba kama wageni walioalikwa. Yalikuja na mlenda, na boga moja likabingirika likapasukia uani. Anayejua mlenda anajua unavyokuwa ukikutana na maji: unateleza, unavutika, haukatiki. Kamba za kijani zilishuka kutoka paani hadi kitandani kwa bibi, taratibu, zikirefuka. Bibi alikuwa ameketi pale pale, kwa kuwa alikuwa amekubali kuipa nyumba nafasi ya pili. Aliitazama kamba moja mpaka ikamfikia gotini.

"Mkwe wangu," alimwambia mama, "nilikwambia nina njaa?"

Kisha akaenda zake. Safari hii baba hakumfuata hata kwa macho. Jioni ile alikwenda kwenye tembe, akaigonga nguzo ya kati, akasikia jibu lake. Vumbi likamwagikia begani. Akaegemeza mti mwingine kando ya nguzo ile, na kesho yake asubuhi akatuma mtu Singida kumwita fundi.

Fundi alikuja kwa lori la mfanyabiashara wa karanga, amevaa kanzu nyeupe isiyo na doa, nguo za kazi amezikunja ndani ya kikapu. Babu yake alikuwa mtu wa pwani aliyefika bara na misafara akaoa huku huku, na fundi hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Kiswahili chake kilikuwa na mapambo ambayo chetu hakikuwa nayo. Alimwamkia bibi kwa adabu kamili, akaitikiwa, kisha akatazama juu na sura yake ikabadilika.

"Mzee," alimwambia baba, "hili ni bati au ni mtungi? Nani aliyelikandika?"

"Lilivuja," baba alisema.

"Bati langu halivuji. Mmelilisha udongo, limevimbiwa, sasa linatapika. Na lile ni boga?"

"Ni boga," mama alisema kutoka jikoni. "Usiliangushe."

Fundi alieleza kwa sauti ya kuhutubia kwamba paa la tembe na paa la bati ni viumbe wawili. La tembe huyasimamisha maji na kuyanywa polepole. La bati halinywi. Kazi yake ni kuyapa maji njia na kuyaharakisha yaondoke. Anayeziba bonde la paa ni kama anayeziba mlango wakati watu wanatoka. Alisema kweli, na alijua kwamba anasema kweli, na hilo lilimpendeza mno.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba aingie naye chumbani, mimi nikafuata. Akafunga mlango, akafunga dirisha, tukabaki gizani.

"Tazama juu, mwanangu," alisema. "Sehemu ambayo udongo umebanduka. Unaona nini?"

Tulitazama. Katika giza la paa kulikuwa na vitundu vya mwanga, vidogo na vyeupe.

"Naona nyota," fundi alisema, akijaribu mzaha.

"Zimejipanga mstari mmoja, katikati kabisa ya kwapa. Mungu hapangi nyota mstari. Anayepanga mstari ni mtu mwenye nyundo."

Fundi alikohoa. "Ile," alisema hatimaye, "ni misumari ya kuzuia upepo."

"Upepo umeuzuia vizuri sana," bibi alisema. "Sijauona humu hata siku moja."

Tulipotoka nje mabishano yaliendelea uani, na majirani wakakusanyika, maana burudani haikuwa nyingi. Fundi alisema makosa ni mawili, la misumari na la udongo, kwa hiyo wagawane. Bibi alisema la udongo lilikuja kutibu la misumari, na mtu hashtakiwi kwa dawa. Fundi akasema dawa ndiyo iliyouleta mlenda kitandani. Bibi akafikiri, akakubali kwamba mlenda ni wake na wa mkwe wake. Kwa makubaliano hayo kazi ikaanza.

Nilikuwa msaidizi wake juu ya paa, kwa hiyo naweza kueleza alichofanya, na tangu wakati huo sijaingia katika nyumba yenye kiwiko bila kuitafuta kazi ya namna hiyo. Aliondoa udongo wote na kuosha mabati, na boga lililobaki akalibana pembeni juu ya paa, nje ya njia ya maji, kwa amri ya mama. Akang'oa bati jembamba la awali lililopigiliwa katikati, akaweka jipya lililo bapa na pana zaidi, limekunjwa kufuata mteremko wa pande zote mbili. Kingo zake za kulia na kushoto alizikunja kuelekea juu kama ukingo wa sinia, ili maji yakijaa yasipande yakavuka. Palipohitaji kuungwa, kipande cha juu alikilaza juu ya kile cha chini, kwa urefu unaozidi mkono wa mtu mzima, kwa sababu maji hayarudi nyuma kupanda mlima ila yakisukumwa. Misumari aliipiga pembeni tu, nje ya mahali maji yanapopita. Kisha akayakata mshazari mabati ya mawimbi yaliyoshuka kutoka kila upande, yasikutane katikati, akaacha nafasi wazi ya upana wa kiganja na zaidi, ili mfereji uonekane na ufagiliwe. Mwisho wa chini aliuacha mdomo wazi, ukachomoza nje ya ukuta.

"Sasa," alisema aliposhuka, "hata ukimwaga ziwa."

"Mwaga," bibi alisema. "Lakini wewe ndiye utakayelala kitandani."

Watu walicheka, isipokuwa fundi, ambaye alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa kanzu yake ya safari. Bibi alinigeukia.

"Mume wangu, unaniruhusu nimlaze mwanamume mwingine kitandani mwangu? Mchana, na mlango wazi."

Nilisema namruhusu, ila asizoee.

Shida ilikuwa maji. Kisima chetu kilikuwa mbali, na wanawake waliobeba madebe walisema waziwazi wanachofikiri juu ya kunywesha paa. Mama ndiye aliyepata ufumbuzi. Aliweka mitungi na beseni chini ya mdomo wa kwapa, maji yakimwagwa juu yaokotwe chini na kupandishwa tena. Mimi na baba tulikuwa juu tukimwaga. Fundi alilala chali ndani, mikono kifuani, kanzu imenyooshwa, kama mtu anayejaribiwa jeneza.

Tulimwaga. Maji yalishuka kwenye mfereji kwa kishindo, yakachomoka mdomoni, yakaingia mitungini. Kutoka ndani fundi alitangaza, "Pakavu." Tukamwaga tena. "Pakavu kabisa." Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa ya mtu anayetaka kulala usingizi.

Nyumba haikuwa na dari, na kuta za ndani hazikufika juu. Nikiwa nimepiga magoti kwenye ukingo wa paa, kichwa nimekiinamisha, niliona kupitia dirisha lililokuwa chini yangu kitu ambacho baba hakukiona. Bibi alikuwa amesimama juu ya kigoda katika chumba cha pili. Alichovya vidole katika kata ya maji, akanyoosha mkono juu ya ukuta, akavikung'uta. Akaniona ninamwona. Akaweka kidole mdomoni. Mume mwema hamshtaki mkewe, kwa hiyo niliendelea kumwaga.

Fundi alitoka mbio akiwa ameshika kifua cha kanzu, ambapo palikuwa na tone moja dogo. Alivua kanzu yake mbele ya watu wote, akapanda ngazi akiwa na shuka tu, akaanza kulikagua paa kama anayetafuta sindano. Alipitisha kidole kwenye kila ukingo aliokunja. Alitazama kila msumari. Chini, bibi alikuwa ameketi kwenye kile kigoda uani, ananusa ugoro kwa uso wa mtu anayesikitika.

Fundi alifika kileleni. Aliinua ncha ya kofia, lile bati la mgongoni linalofunika maungio ya juu, akachungulia. Nilikuwa karibu nikaona. Pale bonde linapoanzia, chini ya kofia, alikuwa amesahau kukunja ukingo wa bati jipya na kulifikisha juu vya kutosha. Maji yetu ya madebe, yaliyomwagwa kwa upole chini ya hapo, yasingepagundua mahali hapo kamwe. Mvua inayosukumwa na upepo ingepagundua siku ya kwanza.

"Ndipo hapa," alininong'oneza. "Ndipo lilipopita." Akatengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kimya, hakuniachia hata nyundo.

Mpaka leo sijui kama bibi alitaka tu kumlowesha mtu wa mjini, au kama mwanamke aliyeziba mapaa maisha yake yote alikuwa na shaka ambayo hakuweza kuitaja. Nilipomuuliza, nikiwa tayari na shahada yangu na mvi za kwanza, alinijibu kwamba tone hutoka kwa Mungu. Nimefikiria sana jibu hilo. Ninaamini alitaka kumlowesha tu.

Mvua kubwa ilifika fundi akiwa amekwisha kurudi mjini. Ilianza asubuhi, upepo ukitoka mashariki, anga nyeusi mpaka tukawasha taa. Bibi alivuka uwanja kama alivyoahidi, safari hii akiwa na kikapu chenye vitu vyake vichache, "kama itabidi nisubiri". Akaketi kitandani, akafungua kikopo cha ugoro, akakishika wazi kwenye kiganja, mbele yake kabisa. Ilikuwa kama ameliwekea tone mtego. Baba alisimama ukutani. Hakutazama paa, alikuwa akimtazama mama yake.

Maji yalipita juu yetu. Yalisikika yakikimbia katika lile kwapa kutoka juu hadi chini, na mlangoni mwa bibi, nje, mtungi ulijaa, ukafurika, mama akausogeza na kuweka mwingine. Bibi aligeuza kichwa kusikiliza mtungi ule. Maisha yake yote alikuwa akiyafuata maji kisimani, na sasa yalikuwa yakimjia mlangoni yenyewe.

Kisha ulikuja mshindo mwingine, mzito, mfupi, kama mtu aliyetua mzigo. Tulikimbilia mlangoni. Upande wa pili wa uwanja, mahali pa tembe, palikuwa na tuta la udongo wenye kung'aa kwa maji, na ncha ya ule mti alioegemeza baba imechomoza katikati. Baba alishika mwimo wa mlango.

Bibi hakuinuka. Alikiangalia kikopo chake, akatia kidole, akausugua ugoro kati ya vidole viwili. Ulikuwa mkavu. Akaunusa, akapiga chafya.

"Mnaona?" alisema. "Lile tembe nilikuwa nalishikilia mimi."

Akakifunika kikopo, akamwomba mama amletee lile boga moja lililobaki, kama bado liko juu ya paa.